Nimemgawia Mume Wangu Matone ya Utafiti

Mpendwa Bi Concetta,

Naomba msaada, lakini kama mezani kwako kuna barua za watu wenye shida kubwa kuliko yangu basi anza na hao, mimi naweza kungoja, na wala sikuandikii kwa kulalamika, maana unatujua watu wa huku Minnesota, hatulalamiki, ila kuna jambo limenikaa kooni tangu Krismasi na nimeona afadhali nilitoe kwa mtu ambaye sitakutana naye kanisani Jumapili.

Nina miaka sabini na saba na mume wangu Harlan ana themanini na mmoja, tulifuga ng'ombe wa maziwa kwa miaka arobaini na mitatu mpaka mgongo wake ulipokataa, tukawauza wote, sasa tuna kuku tu. Mwezi wa tisa alikuja daktari mmoja kijana kutoka chuo kikuu, Dokta Vang, binti mwenye adabu sana, akasimama kwenye chumba cha chini cha kanisa letu, pale tunaposhona mablanketi ya viraka kila Jumatano, akatuambia anatafuta wazee wa kujitolea katika utafiti wa mafuta ya CBD, kwa sababu wazee wanayanunua kila mahali, hata kwenye vituo vya petroli, wanayatumia kwa magoti na usingizi na huzuni, wakati majaribio mengi yamefanywa kwa watu wenye umri wa wajukuu zetu, kwa hiyo yeye anataka kujua kama mafuta hayo ni salama kwenye miili iliyochoka kama yetu. Akasema yanatoka kwenye mmea wa ukoo wa bangi lakini hayalevyi. Hapo LaVonne, rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza, akauliza, "Hata kidogo?" na mpaka leo sijui kama aliuliza kwa hofu au kwa kuvunjika moyo.

Tukajiandikisha wote watano tunaoshona, kila mmoja akapewa chupa zenye namba, matone ishirini chini ya ulimi asubuhi na ishirini jioni kwa wiki ishirini na nne, chupa nyingine zina dawa na nyingine zina mafuta matupu, na nani ana zipi hata Dokta Vang mwenyewe hajui, ndivyo utafiti unavyofanywa. Kila Alhamisi anatupigia simu kuuliza kama kuna baya lolote tuliloliona, tulipime kuanzia sifuri mpaka kumi.

Harlan naye alitaka. Akakataliwa, kwa sababu anatumia dawa ya kuzuia damu isigande tangu moyo wake ulipoanza kwenda ovyo, na Dokta Vang alimweleza vizuri kabisa kwamba CBD inaweza kulizuia ini lisiiondoe ile dawa ya damu, ikajaa mwilini kupita kiasi, mtu akaanza kuvuja damu. Harlan akasema, "Sawa tu." Bi Concetta, mimi nimeishi na mtu huyu miaka hamsini na minne na mara ya mwisho kumsikia akisema "sawa tu" kwa sauti ile ni siku lori lilipokuja kuchukua ng'ombe.

Basi ikawa kila asubuhi mimi naweka matone yangu chini ya ulimi na yeye kanikabili na bakuli lake la uji wa shayiri, analitazama tu. Sasa wewe unajua malezi yetu, kula mbele ya mtu asiyekula ni dhambi ndogo, hata kile kipande cha mwisho cha keki kule kanisani hakuna anayekichukua, mmoja anakata nusu, mwingine anakata nusu ya nusu, mpaka kwenye sinia inabaki chembe ya kulisha shomoro. Siku ya nne nikamwambia, Baba, chukua kidogo. Akakataa. Nikamwambia tena, akakataa, na hiyo ni kawaida, anayekubali mara ya kwanza huku kwetu anaonekana hakulelewa. Nikamwambia mara ya tatu. Akasema, "Haya, kama yatamwagwa." Hayakuwa ya kumwagwa, lakini nikampa kumi nami nikabaki na kumi.

Nikamweleza LaVonne kwa siri. Jumatano iliyofuata LaVonne akaja na kichupa cha jemu chenye nusu ya matone yake, maana aliniuliza je, kama matone yangu mimi ni mafuta matupu, Harlan si atakuwa anahangaika bure? Wale wengine watatu wakakiona kile kichupa, na ni nani atakayekubali kuonekana mchoyo mbele ya LaVonne, kwa hiyo wiki iliyofuata vikawa vichupa vinne mezani kwetu. Harlan akawa anachukua kumi kutoka kila kimoja, asubuhi na jioni, na nisiseme uongo, mgongo ulilegea, akaanza kupiga mluzi kule kwa kuku, na asubuhi moja nilimkuta kaketi kitandani amevaa soksi mwenyewe, zote mbili, na mimi ndiye nimekuwa nikimvalisha kwa miaka sita. Nilitoka nikaenda jikoni nikalia kidogo.

Mimi mwenyewe matone yananiharisha na kuniletea usingizi, Jumapili ya kwanza ya majilio, ile ya kuanza kungoja Krismasi, niliangusha paji la uso kwenye kitabu cha nyimbo, na mchungaji baadaye akanishukuru kwa moyo wangu wa sala. Dokta Vang alipouliza Alhamisi ile nikamwambia si mbaya, sifuri. LaVonne naye anapata kizunguzungu, kasema sifuri. Sote tumesema sifuri, kwa sababu kumi ni ya nani? Marehemu shemeji yangu mkono wake uliponaswa na mashine ya kuvuna mahindi alisema nne.

Sasa hili ndilo linaloninyima usingizi. Jumamosi Harlan alikuwa anabadilisha shati nikaona mbavuni ana alama ya zambarau, pana kama kisahani cha chai, na nyingine mkononi, nikauliza, akasema amegusa mlango. Wiki hii leso yake imekuwa na damu mara tatu, na asubuhi akishapiga mswaki anasuuza sinki haraka kabla sijaingia, lakini mimi ndiye ninayefua taulo. Kipimo chake cha damu alitakiwa kwenda tangu Novemba, akaahirisha kwa sababu ya theluji, halafu kwa sababu ya sikukuu. Nilimwambia twende zahanati. Akasema, "Tusiwasumbue, Mama. Wana wagonjwa kule."

Nikisema kweli, wote watano tutatolewa kwenye utafiti, LaVonne hataweza kumtazama mtu usoni, Dokta Vang atakuwa amepoteza kazi yake ya miaka miwili kwa sababu yangu, na yule binti alituletea kahawa nzuri, na Harlan atarudi kwenye kuvalishwa soksi. Nisiposema, naogopa, Bi Concetta. Naogopa sana na sijui nilipeleke wapi hilo.

Swali langu ni hili, je, kuna namna ya kusema bila kumsumbua mtu? Na kama haipo, nipunguze matone taratibu bila mtu kujua? Usijisumbue kujibu haraka. Nimeweka stempu.

Wako,
Asiyetaka Kusumbua

*

Mpendwa Asiyetaka Kusumbua,

Umenisumbua, na ninamshukuru Mungu kwamba umenisumbua. Ningependa ungefanya hivyo mwezi mmoja kabla.

Barua yako ilifika Jumanne asubuhi na gazeti hili linatoka Ijumaa. Mimi nilikuwa muuguzi miaka thelathini kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha kuwapa watu maneno, na nilipofika kwenye kisahani cha chai nilikuwa nimeshasimama. Kungoja Ijumaa nikujibu kwa lugha nzuri lingekuwa jambo la kipumbavu kuliko lako. Hukuandika jina lako, hilo ni haki yako. Ila kwenye bahasha umebandika kile kikaratasi chenye ndege mwekundu, jina lako, jina la Harlan, na anwani yenu mpaka namba ya sanduku, maana kwa mwanamke wa umri wetu kutuma bahasha isiyo na anwani ya kurudishia ni sawa na kutoka bila sketi. Kwa hiyo nikafungua kitabu cha simu.

Akapokea Harlan mwenyewe. Nikajitambulisha, nikamuuliza hali. Akasema si mbaya. Nikamuuliza anafanya nini, akasema ameshavaa kofia, anakwenda kuegemeza ngazi ukutani ili apande kuvunja barafu inayoning'inia kwenye paa.

Wasomaji wangu mnajua nilikotoka. Mimi nimezaliwa mashariki, katika nyumba ya Wataliano tisa, ambako mtu akichomwa na sindano mtaa wa tatu unapata habari. Nimeolewa huku miaka arobaini na nimewapenda, ila nyumba ambayo mtu anavuja damu na mwenzake anaahirisha kumuuliza kwa kuwa ni sikukuu, hiyo sijaizoea na sitaizoea. Nikamwambia, "Mzee Harlan, iache hiyo ngazi. Mwite mkeo, vaa viatu vya safari, mwende hospitali sasa hivi, na vile vichupa vya jemu mje navyo." Akaniuliza kama haingekuwa bora wasubiri kidogo, maana ilikuwa inakaribia saa sita na asingependa kuwakatiza wauguzi chakula. Nilichomjibu sitakiandika, gazeti hili linasomwa pia na watoto.

Yaliyofuata wewe unayajua, lakini wasomaji wengine hawayajui, na mmeniruhusu kuyasema pamoja na majina yaliyomo kwenye barua yako. Kipimo cha damu kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kinavyotakiwa kuwa. Daktari aliwaambia kwamba kama Harlan angeteleza kwenye ngazi ile na kugonga kichwa, damu ingevuja ndani ya fuvu na huenda wasingeweza kuizuia. Walimlaza siku mbili. Jana karudi nyumbani akiwa hai, na kabla hatujaendelea kugombana naomba ulikumbuke hilo, kwamba yupo hapo nyuma yako anauliza kuku wamelishwa au la.

Sasa tugombane. Dawa si keki ya kanisani, mama. Keki mkiikata nusu inapungua, lakini ninyi watano mlikata nusu nusu mkazirundika kwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye pekee aliyeambiwa mapema kwamba hapaswi kuionja. Aliyekataliwa kwenye utafiti akawa anakunywa kuliko washiriki wote. Dokta Vang alieleza sababu mbele yako, ukaielewa vizuri kiasi cha kunieleza mimi bila kukosea neno, halafu ukaiweka kando kwa sababu mwanamume kaangalia bakuli lake kwa huzuni. Nakuhurumia. Mimi pia nina mwanamume anayejua kuangalia bakuli. Lakini huruma yako ilikuwa karibu kumuua, nawe ulikuwa unasuka mpango wa kupunguza matone taratibu ili mtu asijue. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hawakuweka kando watu wenye adabu.

Tena liko la pili, ambalo naona hujaliona bado. Ulininong'oneza kule hospitali, nilipokuja kuwaona, kwamba niongee na Dokta Vang kwa niaba yako, nami nikaongea naye. Hakupiga kelele. Aliniambia kwamba wazee watano wa kanisa lenu wamempa sifuri kila Alhamisi kwa wiki kumi na tatu, hata mafua hakuna, na yeye alikuwa ameanza kudhani kwamba nyote mmeangukia chupa za mafuta matupu. Kisha akaniuliza kama kuna wengine. Mama, utafiti wake unafanyika kwenye makanisa manne kama lenu. Kule kuharisha unakoona aibu, usingizi wako, kizunguzungu cha LaVonne, hayo ndiyo mambo aliyoyafuata huko kwenu akiendesha gari kwa muda wa saa tatu kwenye theluji. Mkimpa sifuri, ataandika sifuri, na mzee mmoja mahali ambapo wewe na mimi hatutafika, mwenye dawa ya damu ile ile mfukoni, atasoma kwamba wazee wa Minnesota waliyatumia na hawakupata hata kizunguzungu. Yule naye ana mke anayefua taulo.

Kwa hiyo sikiliza. Harlan haonji tone jingine, hata ukiona yanamwagika kweli. Dawa yake ya damu asiiache wala kuipunguza kwa akili zenu, aitumie kama daktari atakavyosema, na siku ya kipimo iwe theluji, iwe sikukuu, mnakwenda. Chupa zote na vichupa vyote vya jemu mtie kwenye mfuko mmoja mumrudishie Dokta Vang, na hapo nakujua: usivioshe. Vilivyobaki ndani anataka kuvipima. Usivirudishe na keki pia. Jumatano ijayo kabla ya kushika sindano kaeni na LaVonne na wenzenu watatu, mjaze upya zile karatasi za wiki kumi na tatu, mkiandika siku, mara ngapi na kwa kiasi gani, na mahali ambapo hamkumbuki muandike hamkumbuki. Mtatolewa kwenye utafiti, huenda wote. Mtaona haya, kwa mwezi mmoja au miwili, kisha atatokea mwingine wa kuzungumzwa. Dokta Vang kaniambia kwamba karatasi zenye ukweli zitamsaidia hata kama ninyi mmetoka, maana sasa anajua swali lake lazima aliulize vipi huku kwetu.

Limebaki la soksi, nalo silichukulii kidogo. Nilikuwepo hospitali Jumatano, nilikuja na sufuria la tambi, mkanikatalia mara mbili. Muuguzi mmoja alipoingia akamuuliza Harlan mgongo unauma kiasi gani, sifuri mpaka kumi, Harlan akatazama dari akasema mbili. Na wewe, ambaye umeniambia hujawahi kumkosoa mumeo mbele ya watu tangu mlipofunga ndoa, ukamwekea mkono kifuani ukasema, "Baba, sema kweli."

Akaacha kutazama dari, akakutazama wewe. Halafu akasema, "Saba. Tangu tulipouza ng'ombe."

Muuguzi akaandika. Akaandika, mama, ndiyo kazi yake, na wiki ijayo Harlan ana miadi na mtu wa mgongo, miadi ambayo angekuwa ameipata miaka kumi na moja iliyopita kwa neno hilo hilo moja. Wewe ulikaa na kofia yake mapajani ukalia, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku sikumwona mtu akiomba radhi kwa kulia. Mpaka miadi hiyo, soksi mvalishe wewe, na ukimvalisha muulize.

Dokta Vang atakupigia Alhamisi kwa mara ya mwisho. Akikuuliza hali, mjibu pale pale anapouliza. Usingoje mara ya tatu.

Bi Concetta